Picha za Bibi Harusi Zenye Mahaba: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa bibi harusi mtarajiwa wa huku kusini, pamoja na somo wake (mwanamke anayemfunda), mama yake na mpambaji wake, maana mara nyingi wao ndio wanaouliza kabla yake. Maswali haya hutufikia kwa simu, saluni na kwenye vikao vya harusi. Nimejibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingemwacha mtu na wasiwasi.

Picha za mahaba ni picha gani hasa? Ni za utupu?

Hapana. Utupu sipigi. Picha ya mahaba ni ile ambayo mwanamke anaonekana ameridhika na mwili wake, na anayeitazama anahisi kuna mtu anayesubiriwa. Shela imeteleza begani, macho yamelegea, vidole viko shingoni. Wapo mabibi harusi waliojifunika kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, na picha zao zina joto kuliko za aliyevaa gauni la mgongo wazi.

Masharti yangu ni mawili na hayana mjadala. Anayepigwa awe ametimiza miaka 18. Na awe amekubali kwa kinywa chake mwenyewe. Sipokei kibali kutoka kwa mchumba, kwa shangazi wala kwa kamati ya harusi. Nikimuuliza bibi harusi swali akatazama chini huku mwingine akijibu, namwita pembeni tuzungumze wawili. Akisita, tunapiga picha za kawaida za harusi na mambo yanaishia hapo.

Mimi sijui kukaa pozi kabisa. Nitafanyaje?

Karibu kila bibi harusi huanza na hili. Jibu langu ni kwamba unajua tayari. Msichana aliyelelewa Mikindani, Lindi au Tandahimba akafundwa, amefundishwa kutembea, kukaa, kupiga magoti akimpa mtu maji, kufunga kanga, kuinua macho na kuyashusha. Somo wake hakuyaita mapozi, lakini ndiyo hayo hayo. Kazi yangu ni kuyatafutia mwanga.

Kwa hiyo sianzi na "geuka hivi, simama vile". Nakupa kitu cha kufanya. Vaa bangili moja moja. Fungua kanga uifunge upya, taratibu. Jipake marashi nyuma ya sikio. Jifukize udi. Mwili ukifanya jambo unalolijua hujipanga wenyewe, mabega yanashuka, shingo inarefuka, na mtu anasahau kamera.

Chukua mfano wa huo udi. Bibi harusi amekaa kwenye kigoda, amejitanda kanga mpya, chetezo kiko chini karibu na dirisha. Anainamisha kichwa upande mmoja, anaziachia nywele zining'inie juu ya moshi na kuzipitisha vidole. Mwanga wa dirisha ukitokea nyuma ya moshi, moshi unawaka mweupe. Ukitokea upande wa kamera, hauonekani kabisa. Macho ameyafumba kwa sababu moshi unawasha kidogo. Anapoyafumbua, kabla hajakumbuka nilipo, kuna sekunde moja ambayo uso hauna ulinzi wowote. Hapo ndipo nabonyeza.

Mapozi ya kunakili kutoka mtandaoni huwa hayamkai mtu vizuri. Ukiona picha uliyoipenda, niletee, lakini tutachukua kitu kimoja tu ndani yake, pengine mwanga au namna mkono ulivyolala, mengine yawe yako.

Mikono niweke wapi?

Mikono ndiyo inayomsaliti mtu mwenye wasiwasi. Uso unatabasamu huku ngumi imekunjwa kwenye gauni.

Usionyeshe kamera kiganja bapa wala mgongo wa mkono mzima. Ugeuze ili upande wa kidole kidogo ndio uitazame lenzi. Mkono unaonekana mwembamba na mrefu. Vidole visibanane wala visitanuke, vitulie kama vya mtu aliyeshika sindano. Ukigusa shingo, nywele au kiuno, gusa tu, usikandamize, kwa sababu ngozi ikibonyea picha inakuza mbonyeo ule. Kiwiko kitoke kidogo ubavuni, mwanga upite kati ya mkono na mwili. Upenyo huo mdogo ndio unaochora kiuno, kuliko mkanda wowote wa kubana tumbo.

Halafu kila mkono uwe na shughuli yake. Mmoja umeshika ncha ya shela, mwingine umepumzika kwenye mtulinga. Mmoja unavuta kanga ubavuni, mwingine umeshika fremu ya mlango. Mikono yote miwili ikifanya jambo moja kwa namna moja, picha inakuwa ya kitambulisho.

Na macho?

Kurembua. Bibi zetu wamelijua hili kabla ya kamera kufika pwani. Tatizo ni kwamba mtu akiambiwa "rembua" mbele ya lenzi anakaza uso au anasinzia. Njia inayofanya kazi kwa wengi ni hii: fumba macho, vuta pumzi, kisha itoe polepole midomo ikiwa imeachana kidogo. Pumzi ikikaribia kwisha, fumbua macho ukitazama bega lako, ndipo uyainue kuja kwangu bila haraka. Kope hazitafika juu kabisa, na taya litakuwa limelegea. Usibinue midomo.

Hulazimiki kunitazama. Wengi wanavutia zaidi wakitazama dirishani, mlangoni au mikono yao wenyewe. Nitakuomba tu ufikirie jambo moja kuhusu huyo anayekuoa, dogo na la kweli, labda namna anavyolitamka jina lako. Sitakuuliza ni jambo gani.

Ukishikwa na kicheko, cheka mpaka kiishe. Uso unapotulia baada ya kicheko cha kweli huwa na ulaini ambao hakuna maelekezo yanayoweza kuuleta, kwa hiyo mimi huwa sishushi kamera watu wanapocheka.

Mimi ni mnene, nina tumbo na mikono mikubwa. Picha hizi zitanifaa?

Zitakufaa sana. Mwanamke mwenye mwili anasifiwa huku kwetu, na ngoma zetu zinalijua hilo. Usije ukidhani umekuja kufichwa. Unakuja kupangiwa mwili na mwanga vikae vizuri pamoja, na hilo hufanyiwa kila mtu, mnene na mwembamba.

Usisimame ukiwa umeikabili kamera mraba. Geuka robo, weka uzito wote kwenye mguu wa nyuma, kunja goti la mbele lipite kidogo mbele ya lenzake. Nyonga inasogea nyuma, kiuno kinaingia ndani, na mstari wa mwili unapinda kuanzia bega hadi kifundo cha mguu. Kumbuka kanuni moja ya lenzi: kilicho karibu nayo huonekana kikubwa. Ukitaka uso na kifua vitangulie, inama mbele kidogo kutoka kiunoni. Ukitaka nyonga ndizo zitambe, tunageuza, unanipa mgongo na kunitazama juu ya bega. Uamuzi ni wako, mimi siamui kiungo gani cha mwili wako ni kizuri.

Kidevu cha pili kinaondoka kwa kusogeza uso wote mbele kidogo na kisha kushusha kidevu kidogo. Utahisi unafanya kitu cha ajabu, lakini kwenye picha taya linachorwa safi. Mikono usiibane ubavuni, maana ikigandamizwa hutanuka. Ukikaa, kaa ukingoni mwa kiti, uegemee nyonga moja, mgongo umenyooka. Ukijitupa kitini nguo yote inakusanyika tumboni. Kitambaa pia ni rafiki. Shela iliyokusanywa mkononi, shada la maua lililoshushwa usawa wa nyonga, au mkunjo wa kanga ukipita mbele hukata upana bila mtu kujua.

Jambo ambalo haliwezi kurekebishwa siku ya picha ni gauni. Likibana kwapani, nyama inatoka juu ya ukingo wake hata kwa mtu mwembamba. Kipimo cha mwisho kwa fundi kifanyike ukiwa umevaa sidiria ile ile utakayovaa siku ya harusi. Kaa, inama, inua mikono mbele ya kioo, uvute pumzi ndefu. Bibi harusi asiyeweza kupumua uso wake unakuwa wa mgonjwa, na hakuna pozi litakalomwokoa.

Mimi ni mwembamba na mfupi.

Kamera inashuka usawa wa kiuno, gauni linaachwa liburuzike nyuma, na unageuka upande ili mpindo wa mgongo uonekane. Mikono mbali na mwili, kitambaa chenye mikunjo mingi. Ni rahisi.

Nitaonekana mweusi sana kwenye picha? Mnaweza kunifanya mweupe kidogo?

Nitakufanya uonekane ulivyo. Sibadilishi rangi ya mtu kwenye kompyuta, na nitaeleza kwa nini sioni haja ya kufanya hivyo.

Mara nyingi bibi harusi mweusi huharibiwa na mpimo wa mwanga. Kamera ikiachiwa ijiamulie, inaona gauni jeupe limejaa fremu, inadhani kuna mwanga mwingi na kupunguza kila kitu. Gauni linabaki na mkunjo wake mzuri, uso unazama kizani. Mpiga picha anatakiwa apime mwanga usoni, kisha atafute mahali ambapo gauni halitapoteza mikunjo yake kwa mwanga kuzidi, yaani kivulini penye mwanga mpana au dirishani penye pazia jepesi. Flashi ikielekezwa usoni moja kwa moja hufuta maumbo yote ya uso na kuacha mng'ao wa jasho.

Ngozi nyeusi hupendeza zaidi mwanga ukitoka ubavuni, kwa sababu inaurudisha kwa namna ambayo ngozi nyeupe haiwezi. Tone la mafuta ya nazi kwenye mtulinga, ncha za mabega na miundi, na mwili unachorwa kwa mistari ya mwanga. Hiyo picha mtu mweupe anaitamani.

Nawasihi sana: msianze krimu za kujichubua miezi ya harusi. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na madhara yake ni kwa afya kabla ya kufika kwenye picha. Lakini hata kwa picha ni hasara, uso unakuwa wa rangi moja, vifundo vya vidole rangi nyingine. Mpambaji wako naye achague fandesheni kwa kuilinganisha na shingo, tena akiwa nje kwenye mwanga wa mchana. Poda nyeupe ya kuzuia jasho itumike kwa mkono mwepesi. Nyingine hurudisha mwanga wa flashi, na uso ukatoka kama umepakwa unga.

Ninavaa hijabu. Je, kuna picha za mahaba kwa ajili yangu?

Nyingi. Macho, hina, na namna kitambaa kinavyoanguka begani vinatosha kubeba albamu nzima. Upepo ukilivuta vazi likaushika mwili kwa sekunde moja, nachagua fremu ambayo wewe mwenyewe utairidhia.

Wateja wengi Waislamu hupiga awamu mbili. Ya kwanza ni ya stara kamili, ya kuonyesha ndugu. Ya pili ni ya nywele wazi au kanga, na hiyo ni ya mume. Wengi huiweka baada ya nikahi, ndani ya fungate, wakiwa chumbani kwao. Naipenda sana ratiba hiyo kwa sababu haraka imekwisha, wageni wameondoka, na bibi harusi amelala usingizi wa kutosha. Anayepiga ni mwanamke na wasaidizi ni wanawake.

Hina na singo vifanyike lini?

Hina ya asili hukolea siku moja hadi mbili baada ya kupakwa, kwa hiyo ukipakwa usiku wa kuamkia picha utatoka na rangi ya machungwa. Panga siku mbili kabla. Singo, ile ya kusugulia mwili, nayo iishe siku mbili au tatu kabla, ngozi ipate kutulia baada ya kusuguliwa. Kuhusu piko, kuwa mwangalifu: ile nyeusi inayokolea papo hapo mara nyingi huwa na dawa ya kutia nywele rangi, na watu huungua wakatoka malengelenge yenye umbo la ua lenyewe. Jaribu sehemu ndogo nyuma ya mkono wiki moja au mbili mapema.

Saa ngapi na mwezi gani ni mzuri?

Msimu wa harusi huku hufuata korosho. Malipo yakianza kutoka kuanzia Oktoba, shughuli zinapangana mpaka mwaka mpya. Kwa bahati mbaya huo ndio wakati ambao jua letu ni gumu. Karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 20 Februari, jua la saa 6 mchana linapita utosini kabisa. Linaangusha kivuli cha paji la uso juu ya macho, na macho yanakuwa mashimo. Hakuna mahaba kwenye mashimo. Ndiyo maana nakataa kupiga picha za nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, hata kamati ikikasirika.

Saa ya mwisho kabla ya jua kuzama ndiyo bora. Mtwara jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 jioni mwezi Juni, na hufika karibu saa 12:45 mwezi Januari. Kiza kinaingia upesi, kwa hiyo bibi harusi anayechelewa saluni nusu saa amepoteza nusu ya picha zake.

Wengi huomba picha ya jua likizama baharini. Pwani yetu inatazama mashariki, na jua linazama upande wa bara, nyuma ya minazi. Anayetaka jua na bahari katika fremu moja aamke alfajiri, awe ufukweni kabla ya saa 12 asubuhi. Wanaokubali hawajutii: ufukwe mtupu, mwanga wa waridi, ngozi haijatoa jasho.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mawingu yake hutoa mwanga laini mzuri, ila uwe na ukumbi wa akiba. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo ni mkali na shela ndefu inahitaji msaidizi wa kuishika. Kaskazi inakuja na joto la unyevu. Lenzi ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje inajaa ukungu, hivyo kamera iachwe nje mapema kabla bibi harusi hajatoka.

Tupige wapi?

Chumba chenye dirisha moja kubwa kinashinda kila ufukwe kwa picha za mahaba. Simama hatua mbili kutoka dirishani, uso ukilielekea nusu, taa zote za umeme zizimwe ili rangi zisigombane.

Mikindani ni mahali ninapopapenda kuliko pote. Kuta za mawe ya matumbawe zilizochakaa, milango ya kuchonga, vichochoro vinavyopata kivuli mapema alasiri. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 sasa ni hoteli, kwa hiyo ongea na wenyewe kwanza. Pale ngazini bibi harusi akiketi ubavu, miguu ikishuka vidato viwili, gauni linaanguka lenyewe.

Ufukwe wa Shangani, Mtwara, uko karibu na mjini lakini jioni za wikiendi watu wanajaa, na bibi harusi anayetazamwa na vijana hawezi kulegea. Asubuhi ni sawa. Msangamkuu, ukivuka kwa kivuko, kuna utulivu zaidi. Msimbati ni mbali na ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuna kiingilio, ila mchanga mweupe wa pale hurudisha mwanga chini ya kidevu na kufuta vivuli vyote. Ulizia maji kwa wavuvi kabla ya kupanga siku. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, ufukwe mpana wa asubuhi unaweza kuwa umefunikwa alasiri.

Wa Newala wana Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda wa Makonde wenye ubaridi na ukungu, na bonde la Ruvuma chini yake. Kwa upepo wa pale, nywele zifungwe au ziachwe kabisa, katikati hakuna.

Kilwa Kisiwani watu wananiuliza sana. Ni Urithi wa Dunia tangu 1981, kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Napiga picha za harusi za heshima kule kwa furaha. Picha za mahaba ndani ya magofu ya Msikiti Mkuu sipigi. Pale watu walisali kwa karne nyingi.

Tahadhari ya mwisho kuhusu mahali: mkorosho una kivuli kizuri mno, lakini majani yake hutia ukijani kwenye gauni jeupe na chini ya kidevu. Simama ukingoni mwa kivuli, si katikati, ukielekea uwanda wazi.

Nani atakuwepo chumbani?

Wewe, mimi, msaidizi mmoja, na mtu mmoja unayemchagua. Nashauri awe somo au dada unayecheka naye. Somo mzuri ni hazina. Akisema "kaa kama nilivyokufunza" mwili mzima unabadilika, na mimi nakaa kimya nafanya kazi. Mama mkwe, wifi na matroni wasubiri sebuleni. Simu zote zinabaki nje, pamoja na ya msaidizi wangu.

Sikugusi bila kukuuliza. Nywele ikikaa vibaya nakwambia, au somo anairekebisha. Na ukisema basi, tunaacha, hata kama tumebakiza pozi moja tu.

Mume wangu ni mfupi kuliko mimi, tena anaona haya. Tukae vipi?

Akae, wewe usimame nyuma yake ukimkumbatia mabegani. Au nyote mkae kwenye baraza, wewe ukiegemea kifuani kwake, miguu yako ikiwa imenyooka pembeni. Ngazi pia inasaidia, yeye kidato cha juu.

Mwanamume mwenye haya usimwambie ajipange. Mwambie akusaidie kitu: akufunge mkufu, akutoe mchanga unyayoni, akunong'oneze alichokula mchana. Nusu ya mahaba iko kwenye umbali mdogo kabla ya nyuso kugusana. Busu lenyewe likipigwa pua zinabonyea na macho yanajifunga kwa nguvu. Ombeni picha ya kabla ya busu.

Picha zikivuja je?

Hofu hii ina msingi na sitaipuuza. Utaratibu wangu ni huu: picha haziendi kwa WhatsApp, kwanza zinabanwa na kupoteza ubora, pili hujui simu ya nani itazipokea. Unapewa kwenye flashi ya kuhifadhia picha, mkononi mwako, na ukitaka, albamu moja iliyochapwa. Nakala ya akiba inakaa kwenye diski ya nje isiyounganishwa na intaneti, mpaka uthibitishe umezipokea zote, kisha inafutwa ukiwa unaona. Hakuna picha yako itakayowekwa kwenye ukurasa wetu bila maandishi yako, na ruhusa hiyo unaweza kuiondoa wakati wowote.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako awe na msingi halali na azilinde. Picha ya uso wako ni taarifa yako. Ukienda kwa mpiga picha mwingine yeyote, mwombe mkataba wenye kipengele hiki kabla ya kulipa. Akicheka, tafuta mwingine.

Binamu yangu ana simu nzuri. Anaweza kunipiga?

Anaweza, akiwa mwanamke unayemwamini na akifuata mambo machache. Asisogee karibu sana. Simu ikikaribia uso hukuza pua na kupunguza masikio. Arudi nyuma hatua kadhaa, atumie lenzi ya kuvuta ya simu kama ipo. Aguse uso wako kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Afute lenzi kwanza, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu watu wanaoudhani ni simu mbovu. Kwa mwenye kamera, lenzi ya milimita 85 ni nzuri kwa uso na kifua, na ya 50 kwa chumba kidogo. Na azime ile programu inayolainisha ngozi.

Kisha aangalie kama picha zimeanza kujipakia kwenye akaunti yake ya intaneti. Simu nyingi hufanya hivyo zenyewe.

Mtanirekebisha kwenye kompyuta?

Chunusi ya wiki hii naondoa. Kovu la upasuaji, alama ya kuzaliwa, michirizi, nakuuliza kwanza. Wengine wanataka iondoke, wengine wanasema ni yao. Kiuno sikati na makalio siongezi. Ukipangwa vizuri kwenye mwanga hutaona haja, na mumeo anakujua.

Nilete nini siku hiyo?

Kanga jozi mbili ambazo hazijafuliwa, zenye rangi unazozipenda, na soma jina, yaani msemo ulioandikwa, kwa sababu litasomeka kwenye picha. Bangili, mkufu, udi wako. Nguo ya ndani isiyo na mistari inayoacha alama, na uvae iliyolegea kwa muda wa saa mbili kabla ya picha. Taulo ndogo na tishu za kupangusa jasho kwa kugandamiza, bila kusugua. Kula kabla ya kuja.

Niwahi kiasi gani kuweka nafasi?

Kwa Oktoba hadi Januari, weka nafasi mara tu tarehe ya harusi inapotoka kwenye kikao. Kwa miezi mingine mwezi mmoja unatosha. Kabla ya siku yenyewe tunakutana mara moja bila kamera, tunakunywa chai na kuangalia gauni, nawe unaniambia usichotaka kionekane. Hicho kinaandikwa juu kabisa kwenye karatasi ya kazi.